Bonge la Tatu

Saa mbili asubuhi, na bado ni usiku.
Jua la Januari huku ni mgeni wa kujivuta:
huingia karibu saa tatu, haketi,
na saa kumi kasorobo keshaanza kutafuta viatu vyake.

Gari la kazi nimeliegesha kando ya lango la kondoo.
Simu nimeizima. Leo Jumapili,
boila za bonde zima na zizimike,
mzee Farquhar na ajifunike mablanketi mawili.
Dolina, jirani, nimemwachia karatasi chini ya chupa ya maziwa:
*Napandia kusini, nashukia huko huko.
Saa kumi na moja kama sijabisha, ita watu.*

Bibi yangu aliuita mlima huu, kwa Kigaeli chake,
Beinn na Luaithe: Mlima wa Majivu.
Nani alichoma nini, sikumuuliza.
Sasa hayupo wa kuuliza.

Njia ya chini ni matope yaliyoganda.
Kila kidimbwi kimejifunika kioo,
na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na minane,
navivunja kimoja kimoja kwa kisigino
maana hakuna anayeniona
ila kulungu kumi na saba ng'ambo ya kijito,
wananitazama kama wateja wanavyomtazama fundi aliyechelewa.

Kupita uzio wa mwisho theluji hubadili sauti.
Kule chini ilisema kacha, kacha.
Hapa haisemi. Inameza.
Nafunga njumu za chuma, nashika shoka.
Jiwe moja linatimka, kumbe sungura,
linakimbia hatua kumi, linarudi kuwa theluji.

Ukungu haukushuka.
Ulikuwapo tu, kama mtu aliyekaa chumbani muda wote
bila kukohoa.
Juu weupe, chini weupe, magoti yangu yameanza kufutika.
Sijui kama napanda au nimesimama.
Sindano nyekundu ya dira
ndicho kitu pekee duniani chenye rangi.

Nahesabu. Hatua mia sita na arobaini hadi rundo la mawe la kileleni.
Mia mbili na tisa, mia mbili na kumi,
halafu namkumbuka Bi Oighrig na bomba lake la bafuni,
ile nati ya nyuma, niliikaza au sikuikaza,
na hesabu imekwenda.

Basi nikafanya alivyonifundisha baba:
nikafinyanga bonge la theluji, nikalirusha mbele.
Likaanguka, likakaa, doa la kijivu. Pana ardhi.
Nikaenda hadi lilipo.
La pili likaanguka, likakaa.
La tatu

halikuanguka.

Sikusikia kugonga, sikusikia kupasuka.
Liliondoka mkononi mwangu
likaendelea kuondoka.

Watu husema mguu niponye, wakimaanisha mbio.
Wangu uliniponya kwa nusu hatua ya kinyumenyume,
kisha nusu nyingine,
kisigino kikipapasa theluji
kama mtu anayetafuta kitanda chake gizani
asimwamshe aliyelala.

Kilele sikukiona. Kilikuwa kushoto, au kulia,
labda umbali wa kutema mate.
Nilikunywa chai nimekipa mgongo.
Ilikuwa imepoa, na sukari nilikuwa nimezidisha,
na niliinywa yote, hata machicha.

Chini ya ukungu bonde lilikuwa pale pale nilipoliacha,
moshi ukipanda wima kwenye kila paa.
Nikatambua majiko niliyoyatengeneza, na moja
linalotoa moshi mweusi kupita kiasi.
Kesho.

Mlangoni pangu nikakuta karatasi ile ile.
Chini ya maneno yangu, kwa mwandiko wa Dolina:

*Saa nane: bado.
Saa tisa: bado.
Saa tisa na nusu: mbwa wa Farquhar amebweka, si wewe.
Saa kumi: supu iko kwangu. Sikuwa na wasiwasi.*

Neno *sikuwa* lilipigiwa mstari mara mbili,
mara ya pili kalamu ikatoboa karatasi.